Ndiyo ya Milcho

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nusu,
na hiyo nusu niliificha,
maana watu huja kutafuta watoto wa kubeba
na mimi nikikaa kitini miguu ilishafika sakafuni.

Milcho alikuwa na tisa. Meno yake ya mbele yamepishana
kama watu wawili mlangoni,
kila mmoja akimwambia mwenzake, tangulia.

Mlifika Lom Jumanne, mwezi wa pili,
theluji imekuwa tope, Danubi rangi ya chai iliyopoa.
Wewe, Ornella, viatu vimelowa. Livio ameshika kamusi
kwa mikono miwili, kama bakuli la supu lililojaa hadi ukingoni.
Na Tullio wenu, miaka saba, mafua yanamtiririka,
alitaka kujua kama tuna mbwa.
Tulikuwa naye. Aligongwa na lori la mkaa. Sikusema.

Bi Stanka alikuwa ametuchana nywele kwa maji
akatukalisha kwenye kochi la wageni,
lile lenye plastiki, linalopiga kelele ukipumua.
Tulishakalishwa hapo mara mbili.
Wa kwanza walisema watapiga simu.
Wa pili walimtaka Milcho, peke yake.
Nilimng'ata yule bwana mkono. Akaomba koti lake.

Mkalimani alitoka nje kuvuta sigara.
Livio hakumngoja. Alitafuta neno, akatafuta jingine,
akayaunga kama fundi aliyeishiwa misumari:
"Wewe. Taka. Pamoja. Sisi?"

Milcho alikitazama kidole kilichobaki ukurasani,
kisha kichwa chake kikaenda kushoto, kikaenda kulia,
kushoto, kulia, polepole, kwa moyo wote.

Kwetu hiyo ni ndiyo.

Kwenu ni mlango kufungwa. Nilijua,
filamu za Bi Stanka zilishanifundisha
kwamba huko nje vichwa husema kinyume.
Niliuona uso wako ukishuka kama pazia lililokatika kamba.
Na neno lenu la kukubali nilikuwa nalo ulimini,
silabi moja tu: si.

Nilinyamaza.
Nilitaka kuona mtu aliyekataliwa
anafanya nini na mikono yake.

Ulimeza mate. Ukamfuta Tullio pua.
Kisha ukaona kamba ya kiatu cha Milcho imefunguka,
ile niliyoiunga mafundo matatu kila ilipokatika,
ukapiga magoti na soksi zako mbichi,
ukaifunga. Hukuharakisha. Ukapitisha kidole
kupima kama imembana.
Mtoto aliyekukataa! Ulidhani amekukataa,
na bado hukutaka ajikwae
mkishaondoka.

Saa ya ukutani nilikuwa naitazama. Dakika sita.
Dakika sita nilikuacha gizani, Ornella,
na ukiniuliza leo, ningekuacha tena.

Mkalimani aliporudi akinuka moshi
nilisema kwa sauti, kama anayelipa deni mbele ya mashahidi:
"Amesema ndiyo. Na mimi pia.
Waambie, mimi pia."

Mlikwenda. Mkarudi mwezi wa sita na mihuri na mifuko,
sandali mpya za Milcho zikiwa ndogo tayari.
Usiku wa kwanza kwenu, milima imetuzunguka kama watu wasiotujua,
alilala na viatu vyake vya zamani,
akakataa mtu asiguse lile fundo.

Miaka kumi na minne.
Nazungumza lugha yenu hadi ndotoni, naitukania hata magari.
Kichwa tu ndicho hakijahama.
Jana jikoni uliniuliza kama nitakaa hadi Jumapili.
Kushoto, kulia.
Hukusema kitu.
Ulikwenda kabatini, ukaongeza sahani.